Kaa la Moto Ndani ya Pembe

3 Juni

Mwanangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, pamoja na mkeo na wajukuu zangu. Mimi sijambo. Goti nalo lipo, hunisalimu kila asubuhi kabla ya mtu yeyote.

Simu zetu zilifungiwa sandukuni siku ya kwanza. Barua tu ndizo zinazoruhusiwa, na muuguzi wa kipindi huzipeleka mjini kila Jumatatu. Tuko tisa. Tumevaa ngozi za mbuzi, tunalala katika vibanda vya matawi na kukata nyama kwa mawe yenye makali, huku watu wa televisheni wakitupiga picha tukiishi kama watu wa kale, wa kabla ya chuma na kitambaa. Vijana wanalalamika. Mimi nilikuwa matroni wa bweni maisha yangu yote ya kazi. Watu wasiooga nimewazoea.

Nimepewa kazi ya kulinda moto. Waliona ni kazi ya kukaa. Kijana mmoja, kinyozi kwao, aliniambia, "Mama, sisi tunakwenda kuwinda, wewe tulia hapo na moto wako."

Nikamjibu, "Nenda. Ukirudi mikono mitupu, usinisogelee kuota."

Usisahau makubaliano yetu. Nikimaliza wiki sita, naendelea kukaa nyumbani kwangu, na habari ya kunihamishia kwako haitatajwa tena. Nikitoka kabla ya hapo, nitahamia bila neno.

Mama yako


11 Juni

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima, ila mdogo ana mafua. Jumapili tulikuona kwenye televisheni. Watoto walipiga kelele, "Bibi amevaa mbuzi!" hadi jirani akagonga ukuta. Ulipomsukuma yule kinyozi kwa kiwiko asiupulize moto wako, mke wangu alicheka mpaka akakaa chini.

Lakini Mama, niliona pia jinsi ulivyosimama. Ulishika mti, ukaachia, ukaushika tena. Ukianguka bafuni kwako, peke yako, nani atajua? Chumba cha nyuma tumeshakipaka rangi. Nimefunga taa mbili, na swichi iko karibu na kitanda. Fundi umeme ni mwanao, hutakosa mwanga. Rudi tu, hakuna atakayekucheka.

Mwanao


17 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Mdogo apewe maji ya moto, afunikwe vizuri.

Jana mwongozaji wa kipindi alikuja kuketi karibu na moto wangu. Ni mtu mpole, mwenye viatu visivyochafuka.

"Mama, Alhamisi ukoo unahama. Unavuka mto na kupanda kilima. Tunataka wewe ubaki."

"Nibaki nikifanya nini?"

"Watu wa kale waliwaacha wazee wao. Utakaa chini ya mwamba, wenzako wataondoka, utawatazama. Ukitoa machozi itapendeza. Kisha gari litakurudisha nyumbani."

"Nani aliyekuambia kwamba waliwaacha?"

"Watazamaji wataelewa, Mama."

"Mimi sitaki."

"Mbona nyumbani wanataka? Mwanao alinipigia simu. Alisema goti ni bovu, tukutoe kwa heshima."

Nilichochea moto kwa muda mrefu. Sitakugombeza kwa barua. Hayo yatangoja tuonane. Nakuambia jambo moja tu: tulikubaliana wawili, wewe ukaenda kumwita wa tatu. Sitoki.

Mama yako


19 Juni

Mama,

Shikamoo, kama bado utaipokea. Ni kweli nilipiga simu. Nilitaka upumzike, sikujua kwamba wangekuacha porini mbele ya macho ya watu wote. Nimempigia tena, nikamwambia asifanye hivyo. Ananijibu kwamba mambo yameshapangwa na gari limeagizwa. Niandikie, hata kama ni matusi.

Mwanao


25 Juni

Mama,

Shikamoo. U mzima? Goti je? Jumatatu imepita bila barua, na gari halikukuleta. Ofisini kwao wananiambia nisubiri kipindi kama watu wengine.

Jana niliketi katika chumba cha nyuma. Taa zinawaka vizuri. Dirisha linatazama ukuta. Nilipokuwa nikifunga nyaya sikuliona hilo.

Mwanao


10 Julai

Mwanangu,

Marahaba, zote mbili. Mimi mzima; goti lilivimba, likanywea. Sikukuandikia kwa sababu nilikuwa na hasira, nami siandiki nikiwa na hasira.

Alhamisi ile nilikaa chini ya mwamba kama nilivyoagizwa. Wenzangu waliondoka na mikuki, nyama na ngozi za kulalia. Mmoja wao, binti muuza simu, alikuwa ameambiwa asigeuke, naye hakugeuka. Mpiga picha alibakizwa kuyangoja machozi yangu. Nikatoa pembe ya ng'ombe niliyokuwa nimeificha chini ya ngozi. Asubuhi nilikuwa nimeijaza majivu na kufukia kaa la moto ndani yake. Hakuna aliyeukumbuka moto. Kuulinda ilikuwa kazi ya kukaa.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Kazini."

Nilizifuata nyayo zao. Mto niliuvuka kwa matako, jiwe hadi jiwe. Kilimani nilipumzika kwenye kila kivuli, nikalipuliza kaa, nikainuka. Mpiga picha alikuwa amekatazwa kunisaidia, ikambidi anifuate na lile dubwana lake begani.

"Mama, tupumzike basi."

"Pumzika wewe. Lile gari langu nimekuachia."

Nilifika jua likiwa bado juu ya miti. Niliwakuta wamevizunguka vijiti viwili, viganja vimechubuka, wamenuniana. Muuza simu aliponiona akalia, na safari hii hakuna aliyemwagiza. Nikamwaga majivu. Kaa lilikuwa dogo kama punje ya mahindi, lakini jekundu.

"Leta nyasi kavu," nikamwambia kinyozi, "na usipulize mpaka nikuambie."

Mwongozaji alikuja mbio na karatasi zake, akafungua kinywa. Kinyozi hakugeuka. Alisema, "Bosi, ngoja kwanza, tunawasha moto."

Mwongozaji akangoja. Hakunitoa tena. Wiki sita zimeisha jana.

Jumamosi adhuhuri nitafika stendi. Njoo na ufunguo wangu. Taa moja ya chumba kile ing'oe, uje uifunge bafuni kwangu, swichi iwe karibu na mlango. Hapo ulisema kweli. Gari liache. Kutoka stendi hadi kwangu nitatembea. Ukitaka, twende pamoja, lakini usinitangulie.

Mama yako