Misumari ya Dirisha la Mwari

Jumatatu, 6 Machi 1944
Nashona kanzu ya bwana harusi, nimefika mkono wa pili. Joto la kaskazi, uzi wanikatikia ovyo. Binti yangu Saumu ni mwari, yuko ndani, anasingwa liwa asubuhi na jioni ngozi ing'ae. Harusi Ijumaa ya wiki ijayo, inshallah. Nimekula mihogo ya nazi, nikashiba. Raha.

Jumanne, 7 Machi
Redio ya dukani hapa Likoni imemaliza habari za vita, ikaanza nyingine: ndui imeonekana ng'ambo, kisiwani. Nilisimama kusikiliza mpaka chai ikapoa. Sote tumechanjwa. Naogopa vile vile.

Alhamisi, 9 Machi
Nimekwenda kusikiliza asubuhi, adhuhuri na jioni. Habari ni zile zile, na kila mara nastuka upya. Nikarudi nikapigilia misumari madirisha ya chumba cha Saumu kwa nje, upepo wa ng'ambo usimfikie. Nikaagiza chetezo cha ubani kisizimike humo ndani. Mke wangu Mwanaisha kaniuliza kama namvundika mtoto kama ndizi. Acheke.

Jumamosi, 11 Machi
Saumu katoka vipele. Shingoni, kifuani, mgongoni. Mwanaisha ndiye aliyeniambia, na leo hakucheka. Mwari haonwi na wanaume, hata baba yake. Nimekaa barazani na sindano mkononi, sikushona hata pindo. Watu wa afya wakijua watampeleka karantini. Harusi basi. Lakini harusi si kitu. Ndui inaua, na mtoto ni huyu mmoja. Nimelia, wala sioni haya kuandika.

Jumapili, 12 Machi
Somo yake, Bi Rukia anayemfunda, karudi leo. Alikuwa mazikoni Mtongwe tangu Alhamisi. Kaingia kwa Saumu, mara katoka, jasho linamchuruzika.
"Nani kaziba madirisha?"
Nikasema ni mimi.
"Harara ya joto hiyo, fundi! Mtoto hana homa, hana chochote, ataka embe na maji ya kuoga. Wallahi ungemwivisha!"
Nimeng'oa misumari yote. Mwanaisha alicheka mpaka akakaa chini.

Jumanne, 14 Machi
Harara inakauka. Ng'ambo bado wanaugua, Mungu awaafu. Mwanaisha kaniwekea sharti: redio mara moja kwa siku, na nisisimulie mezani. Nimekubali. Kanzu nimeimaliza kwa siku moja.

Jumamosi, 18 Machi
Harusi imepita salama. Saumu kaenda kwa mumewe jana. Aliponiaga, kanibusu mkono, kisha kaninong'oneza: nikija kumtazama, nyundo niiache nyumbani.
Leo nimeingia chumbani mwake. Mwanukia liwa bado. Matundu ya misumari yamebaki kwenye mbao, na Mwanaisha ataka niyazibe. Nitayaziba, si leo. Nimejilaza pale penye upepo, usingizi ukanichukua mpaka alasiri.