Aliyehukumu Haketi Tena

Gabrieli,

Kiti chako barazani hakikukaa wazi kwa muda mrefu. Udongo wa kaburi lako ulikuwa bado mbichi wazee wenzako wa Kawangware walipokuja kwangu mtaani Olympic, wamevaa makoti ya kanisani, kuniambia kwamba wameamua nikirithi. Walisema marehemu hakuwa na ndugu wa damu Nairobi, kwa hiyo rafiki yake ndiye ndugu yake. Walikunywa chai, wakakusifu kwa zamu, wakaniachia siku ya kikao. Nilikubali. Nilidhani ningekuwa nakuheshimu.

Ninakuandikia sasa kwa sababu jambo hilo limekwisha, na wewe ungetaka kulisikia kwa mpangilio wake, kuanzia shauri hadi uamuzi. Juu ya huzuni sitaandika mengi. Ulipokuwa hai hukupenda karatasi yenye maneno mengi kuliko hoja. Wajukuu wako watasoma barua hii, kwa hiyo nitaeleza hata yale unayoyajua.

Unakumbuka hali ya baraza letu la Soweto West ulipotukuta. Tulikuwa wazee wachache tukisikiliza magomvi ya wapangaji na wenye nyumba: maji machafu, mlango unaofungukia mlango wa mwingine, mtu anayetakiwa ahame. Aliyeshindwa alirudi baada ya siku chache kulalamika, nasi tuliketi tena, sisi wale wale, tukampa jibu lile lile kwa sauti kubwa zaidi. Siku uliyohudhuria mara ya kwanza ulikaa kimya hadi mwisho. Tulipotoka uliniambia, "Ndugu yangu, hiyo si rufaa. Ni mwangwi."

Nilikasirika. Mimi ni mwalimu mstaafu, sikuzoea kusahihishwa njiani. Hata hivyo nilitembea nawe, kwa kuwa ulikuwa karani wa Mahakama Kuu ya Zanzibar kwa miaka mingi kabla ya kumfuata mkeo Wanjiru kwao Kawangware, nami nilitaka kujua mtu wa aina hiyo anayaonaje mambo yetu. Kuanzia Jumapili hiyo ukawa unanieleza habari za mahakama yako kila tulipotoka kanisani, kidogo kidogo, jinsi mtu mwingine anavyosimulia ukoo wake.

Ulianzia mbali. Ulisema kulikuwa na wakati ambapo mfanyabiashara aliyeshindwa kule Unguja, mbele ya mahakama ya balozi wa Kiingereza, alipeleka rufaa yake Bombay. Nilikuambia kwamba huo ulikuwa upuuzi: watu wa Bombay wangejuaje mambo ya Unguja? Ukanijibu kwamba safari ile ilikuwa na faida yake moja. Jaji wa Bombay hakuwa na shemeji katika kesi.

Baadaye, ulisema, visiwa vilikuwa na mahakama mbili, moja ya Sultani na nyingine ya Mfalme wa Uingereza, na jaji wa Mfalme aliweza kuketi katika zote mbili. Babu yako alikuwa mkalimani humo. Alikuwa akisema kwamba watu walimtazama jaji yule akitoka katika kiti kimoja na kuingia katika kingine, wakajiuliza kama kichwa nacho kimebadilika. Ukanieleza habari za mahakama ya rufaa ya Afrika Mashariki, na juu yake wazee wa sheria wa London, ambao mtu wa Pemba hakuwahi kuziona nyuso zao. Ukafika kwenye miaka ya baada ya mapinduzi, zilipowekwa mahakama za wananchi ambamo mawakili hawakuruhusiwa kusimama. Hapo sauti yako ilishuka, nami sikukuuliza zaidi.

Mwisho ukaeleza mpango wa sasa. Mashauri mengi ya Mahakama Kuu huvuka kwenda Mahakama ya Rufani ya Tanzania. Lakini kuifasiri Katiba ya Zanzibar yenyewe, na mambo yaliyoanzia kwa kadhi, hayo hayavuki. Yanaishia visiwani. Nilikuuliza jaji wa visiwani akikosea katika hayo yasiyovuka, nani atamrekebisha. Ulisimama kando ya barabara ya Ngong, mitumba ya soko la Toi ikiwa nyuma yako, ukainua kidole kama mwalimu. Kwa kawaida mimi ndiye niliyeinua kidole. Ulisema kwamba haki ya mtu ikiamuliwa na jaji mmoja, na mtu huyo asiridhike, majaji watatu wa mahakama ile ile huketi kumsikiliza, na yule wa kwanza hayumo.

"Aliyehukumu haketi tena," ulisema. "Visiwani tunajuana sote. Ukikosa umbali wa bahari, unautengeneza kwa kumtoa mtu chumbani."

Ndivyo tulivyopata baraza la pili. Asiyeridhika Soweto West alikwenda kwa wazee wa Kawangware, wewe ukiwa mmoja wao, ambao hawamjui yeye wala mwenye nyumba wake, na sisi tuliokwisha kuamua tulibaki nyumbani. Uliweka na sharti jingine ambalo sikulipenda: uamuzi wa Kawangware usomwe Soweto West, hadharani, na mzee yule yule aliyetoa uamuzi wa kwanza. Ulisema mtu akisoma kwa kinywa chake hawezi kwenda kuunong'ona vingine.

Sasa shauri lenyewe.

Mama Awuor hukumfahamu. Anakaanga mgongo wazi, yaani mifupa ya samaki iliyotolewa minofu, na dagaa wa omena mlangoni pa chumba chake, katika ujia unaoshuka kutoka kwenye bomba la maji. Mwenye nyumba wake, Bwana Festus, alilalamika kwamba jiko la mama huyo limetoka nje na kuziba ujia, kwamba watoto wataungua, na kwamba moto ukizuka hakuna atakayepita. Alitaka ahame. Mama Awuor alisema jiko lipo palepale siku zote. Akihamishwa anapoteza chumba na biashara kwa pamoja, kwa sababu wanunuzi wake ni watu wa ujia ule na si wa mahali pengine. Mimi ndiye niliyeongoza kikao. Ujia ule naupita karibu kila siku, na ni kweli kwamba siku hizi mtu hupita kiubavu. Nilisema ninapajua. Niliamua ahame mwisho wa mwezi.

Alikata rufaa. Wiki ile ile ndiyo uliyofariki.

Utaona kosa lililotokea, nami naliandika bila kulipamba. Wazee wa Kawangware, kwa kukupenda wewe, walitwaa mzee wa Soweto West na kumweka katika kiti cha Kawangware, na shauri la kwanza mezani lilikuwa lake mwenyewe. Hakuna aliyeliona. Bwana Festus aliona, lakini kwa namna yake: alinipa mkono sokoni akasema ni vizuri kikao kimepata mtu anayeijua kesi hii kuliko wote.

Aliyenifungua macho ni Mama Awuor. Alikuja Olympic, akakataa kuketi. Alisimama mlangoni na aproni yake ya mafuta, akaniambia, "Mwalimu, wewe ndio ulinifukuza. Sasa niende Kawangware nikupate tena hapo umekaa? Nitalia kwa nani?"

Kwa desturi yangu nilitafuta cha kumsahihisha katika maneno hayo. Hapakuwa na cha kusahihisha.

Nilikwenda Kawangware siku iliyofuata, nyumbani kwako wanapokutana wazee, kukirudisha kiti. Wazee waliudhika, na nilielewa kwa nini. Kwetu, magharibi mwa nchi, mtu akiachiwa nafasi ya marehemu akaikataa, watu huuliza wawili hao walikosana wapi. Mmoja wao aliuliza hivyo hivyo, kama nilikuwa na neno na wewe moyoni. Nilieleza juu ya majaji watatu wa Zanzibar. Wakasema Kawangware si Zanzibar. Nikasema ndiyo maana ulitufundisha. Tulizunguka hapo hadi Wanjiru alipoingia na birika.

Alikuwa amesikia yote jikoni. Alimimina chai kwanza, akamaliza vikombe vyote, ndipo akasema, "Huyo mliyemzika ndiye angekuwa wa kwanza kumfukuza Mwalimu hapo."

Kisha wakauliza, kwa haki kabisa, kama si mimi basi ni nani, kwa kuwa kikao kilikuwa kimepungukiwa na kesi ilikuwa inangoja. Nikamtaja Wanjiru. Walicheka, wakidhani nimefanya mzaha, nawe unajua kwamba sifanyi mzaha. Walisema yeye ni mwenye ploti, ana wapangaji wake, na mpangaji gani atamwamini.

Wanjiru hakucheka. "Mimi ni mwenye ploti, sikatai," alisema. "Huyo mama ataniogopa. Wacha aniogope. Lakini hanijui, na mimi simjui."

Wazee walimkubali shingo upande, nami nilimpelekea Mama Awuor habari nikitarajia shukrani. Alipindua samaki wake, akauliza kama ni kweli mjane huyo ana nyumba za kupangisha. Nikasema ni kweli. Akasema, "Ai, basi nimekwisha. Heri ungekaa wewe." Majirani walicheka sana. Lakini jioni ile alianza kutafuta chumba kingine, nami niliambiwa kwamba amekwenda hadi mtaa wa Gatwekera bila kupata penye mlango unaofaa kuwekewa jiko.

Siku ya kikao sikutoka nyumbani. Nilisikia baadaye, kama kila mtu alivyosikia, kwamba wazee wa Kawangware hawakuketi hata kidogo. Wanjiru aliwaambia kwamba hawezi kuamua juu ya ujia asioujua, akawaleta wote kwa miguu hadi Soweto West, wakateremka kutoka kwenye bomba wakiuliza njia. Sisi hatukuwahi kwenda kuutazama. Tungeutazamia nini, na tunaupita kila siku?

Uamuzi wao ulinifikia kwa karatasi, na Jumamosi nilisimama kuusoma pale penye bomba, mbele ya watu, kama ulivyoagiza. Nilikuwa nimevaa miwani na koti. Bwana Festus alisimama karibu, mikono imekunjwa. Mama Awuor alikuwa jikoni kwake, mahali anapoweza kusikia. Nilisoma kila neno. Nilisoma kwamba wazee waliona saruji chini ya jiko ikiwa nyeusi kwa mafuta ya miaka, na pembeni yake saruji safi isiyowahi kuguswa na tone la mafuta. Nilisoma kwamba upande wa pili waliona mabati mapya, yanayong'aa, yaliyosogezwa mbele kupanua chumba cha mwenye nyumba. Nilisoma sentensi hii, ambayo nina hakika aliitunga mkeo: "Jiko halikusogea, ukuta ndio uliosogea." Na nilisoma kwamba uamuzi wa mzee wa Soweto West umetenguliwa, Mama Awuor abaki, na mabati yarudishwe yalipokuwa.

Mzee huyo wa Soweto West nilikuwa mimi. Nilimaliza kwa mwendo ule ule. Nimewasomea watoto matokeo mabaya kwa miaka mingi, nayajua mapigo yake.

Kijana mmoja kati ya wanaobeba maji alisema, "Mwalimu, leo si umejipea sufuri!" Watu wakaangua kicheko, hata Bwana Festus, kabla hajakumbuka kwamba yeye ndiye aliyeshindwa. Niliacha wacheke. Nilikunja karatasi. Nilimwangalia Mama Awuor nikidhani angesema neno, lakini mafuta yake yalikuwa yameanza kutoa moshi, naye alikuwa ameinama anaokoa samaki.

Bwana Festus alinifuata hadi barabarani, akauliza yeye sasa aende wapi, kwa kuwa Kawangware hakuna ngazi nyingine juu yake. Nilimwambia kwamba akipata jambo jipya, wapo wazee wengine kule, na wale walioamua shauri hili watakaa kando. Jumatatu niliposhuka kwenye ujia nilimkuta na nyundo, anang'oa mabati, anagombana na fundi juu ya misumari iliyopinda. Hakunisalimu. Nilipita bila kugeuza mabega.

Wanjiru hajambo. Ameniambia nisije kikao chochote cha Kawangware hata kwa kusalimia, na kwamba siku ya kikao akiniona karibu na lango atanifukuza. Wazee wenzako wamemzoea kuliko wanavyokubali. Amekitoa kiti chako, akaleta cha plastiki, kwa sababu kile kilikuwa kirefu na miguu yake ilining'inia. Nilidhani jambo hilo lingeniuma. Liliniuma kidogo, jioni moja, nikiwa peke yangu, na sina haja ya kueleza zaidi.

Jumapili ninatembea peke yangu hadi Toi, halafu narudi. Nina maswali juu ya mahakama yako ambayo sikuwahi kukuuliza, hasa juu ya ile miaka uliyoishushia sauti. Yatabaki hivyo.

Pumzika, Gabrieli. Ninakuahidi hivi: baraza la Soweto West nitaendelea kuliongoza hadi watakaponichoka, nami nitakwenda kutazama kabla ya kusema ninapajua mahali. Uamuzi wowote utakaonipinga nitausoma mwenyewe, pale penye bomba, kwa sauti ya kusikika. Na kila shauri letu litakapopanda Kawangware, sitapanda nalo.

Rafiki yako,
Mwalimu Zakayo