Mkebe wa Bluu wa Shemeji Jackton

Bwenini,
18 Mei 2025

Mpendwa Shemeji Jackton,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku inauma masikio. Moyo wako unaendeleaje? Bado sijazoea kumuuliza hivyo mtu wa miaka thelathini na tatu. Dada Truphena aliniambia kwamba daktari alisema ukishikwa na moyo mara ya pili huenda usiamke. Basi nimeamua: wewe ukila bila chumvi wala mafuta mengi, mimi nami siongezi chumvi kwenye githeri ya shule, yale mahindi na maharagwe ya kila siku. Wasichana wananiita Nyanya, eti nakula kama bibi kizee. Wacha waniite. Tumekubaliana?

Shemeji yako,
Adongo

Baba Dogo,
8 Juni 2025

Shemeji mdogo,

Tunamshukuru Mungu, tu wazima. Tumekubaliana kabisa. Dada yako huamka alfajiri kunipikia kabla ya kwenda kiwandani: samaki wa kuchemsha, mboga za sukuma, ndimu badala ya chumvi. Nabeba mkebe wangu wa bluu hadi karakana yetu ya useremala Gikomba, na kila jioni naurudisha mtupu. Hata paka hapati cha kulamba. Wewe soma kwa bidii.

Shemeji yako,
Jackton

Bwenini,
7 Septemba 2025

Shemeji Jackton,

Natumaini u mzima, na safari hii nauliza kwa hofu.

Likizoni ulisahau mkebe, nikatumwa kuuleta Gikomba. Ulikuwa umeenda kutafuta mbao. Fundi mwenzako Kimeu aliupokea, akaanza kula. Nikamwambia hicho ni chakula cha shemeji. Akacheka. "Mtoto, hiki ni changu tangu Aprili. Mwambie mpishi asichoke. Presha yangu imeshuka."

Kisha ukaja, ukaketi na wengine kwenye sinia la matumbo ya kukaanga. Hukuniona nyuma ya vitanda.

Sijamwambia dada. Bado anaamka alfajiri. Nami nimekula githeri isiyo na ladha muhula mzima kwa sababu ya barua yako. Kliniki yako ni tarehe thelathini. Mwambie wewe mwenyewe kabla ya siku hiyo, la sivyo nitamwandikia.

Adongo

Baba Dogo,
5 Oktoba 2025

Shemeji mdogo,

Tu wazima, kuliko ninavyostahili. Niliona hukuandika "shemeji yako".

Karakanani tunakula sinia moja. Anayekula peke yake ni mgonjwa, na mgonjwa hapewi kazi ya vitanda. Niliogopa hilo kuliko kifo.

Nilimwambia Truphena siku moja kabla ya kliniki. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Na samaki, Kimeu aliwapenda?" Akageukia ukuta. Kesho yake alinisindikiza kliniki.

Ijumaa alikuja Gikomba na sufuria, akapakua kwenye sinia mbele ya mafundi wote. "Mume wangu ana ugonjwa wa moyo. Anayetaka kula naye, karibu." Kimeu alinawa wa kwanza, mimi wa pili. Wengine walibaki na matumbo yao. Jana kazi ya vitanda alipewa fundi mwenzetu Ndirangu.

Nisamehe.

Shemeji yako,
Jackton

Bwenini,
19 Oktoba 2025

Shemeji Jackton,

Nimefurahi kwamba mko wazima. Nimesoma barua yako mara nne. Ni nzuri, lakini ile ya Juni nayo ilikuwa nzuri. Kwa hiyo nimemwandikia dada, nikamuuliza kama ni kweli.

Nangoja jibu lake. Chumvi bado siongezi.

Adongo