Karatasi Niliyoikatia Patroni

Mtaa wa Nyuma ya Soko,
Chumba cha mbele,
14 Juni.

Mpendwa kitindamimba wetu,

Salamu kwanza, maneno baadaye. Hujambo huko kwenye vyuma na moto? Kile kikohozi cha moshi kimekuachia? Na miwani ya kuchomelea unaivaa, au bado unajifanya shujaa? Sisi huku wazima. Cherehani yangu inalia kila ninapoikanyaga, na goti langu linaitikia. Mkeo naye hajambo, tumbo limemtangulia, amebakiza wiki tano.

Nina jambo limenikaa kooni, tena linakuhusu.

Mwezi wa pili walipita vijana wawili wa mbunge, mashati yamepigwa pasi mpaka yanakata. Waligawa karatasi nyumba kwa nyumba: andika jambo moja ambalo ukifanyiwa utampa mbunge kura yako. Unanijua mimi. Mtu akinipa kitu cha bure, naangalia kwanza mkono wake wa pili umeshika nini. Miaka minne hakujua mlango wetu unatazama wapi, leo anataka shida zangu za nini? Na mbona karatasi inadai namba ya kadi ya mpiga kura? Nikawarudishia tupu.

Ingeishia kwangu si neno. Lakini wanawake wa mtaa wote hupita hapa, huyu apunguziwe gauni, yule abadilishiwe zipu, na kila aliyeniuliza nilimwambia asiandike kitu. Wakanisikiliza. Mkeo alikuwa ameshaandika "mkunga", akanipa karatasi yake niwakabidhi wale vijana. Sikuwakabidhi. Niliikatia patroni ya kupimia mfuko wa koti.

Wanaume wa kijiweni hawakuniuliza. Wote waliandika barabara, hata kinyozi ambaye hana baiskeli. Greda limeshafika, linatutimulia vumbi kutwa.

Kata ya pili, ng'ambo ya daraja, wauza mitumba waliandika mkunga, karibu wote kwa mwandiko wa mama mmoja. Mbunge akawasemea. Wiki iliyopita mkunga wa zahanati yetu kahamishiwa kwao. Ndiye yule yule aliyemwokoa mkeo mara ya kwanza, damu ilipokataa kusimama.

Nilikwenda ofisini kwa mbunge nikiwa na hakika kwamba tunakomolewa. Hakunifokea. Alinitolea bunda zima la karatasi za mtaa wetu, akaniambia nitafute mwenyewe. Nyingi zilikuwa nyeupe.

"Mama, kwenu hakuna aliyemtaja mkunga," akasema. "Ningemsemea nani?"

Nilimtazama usoni nitafute uongo. Sikuuona, mdogo wangu, na hapo ndipo nilipoogopa.

Bado simwamini. Mtu mzima mwenye watoto wanne anangoja karatasi imwambie kwamba wanawake huzaa? Anajua vizuri. Anachotafuta ni kujua wangapi watamnyima kura tusipopata mkunga, na mimi nilimsaidia kuona kwamba hakuna.

Juzi vijana wake wamerudi na karatasi nyingine. Safari hii nimeandika mkunga, na namba ya kadi nimeweka, na wateja wangu nimewaandikisha hapa hapa mezani. Lakini hizo zitashughulikiwa baada ya uchaguzi. Mtoto wako hangoji uchaguzi, na kufika ng'ambo ya daraja kwa miguu ni mwendo wa saa moja na nusu kwa mtu aliye mzima. Omba ruhusa uje. Ukikataliwa, omba tena.

Mkeo anaamini karatasi yake ilifika. Anamlaumu mbunge asubuhi na jioni, nami naitikia. Nimeona haya kumwambia. Nimeanza na wewe kwa sababu huko uliko siuoni uso wako.

Nisalimie rafiki yako mpishi, na shangazi ukimpigia simu. Mjomba fundi saa anakusalimu sana. Mungu akulinde na cheche, akurudishe na macho yako mawili.

Mkeo yuko hapa kando yangu anakunja vitambaa vya mtoto. Anasema nikuandikie usiwe na wasiwasi, anaye dada yako wa kumwangalia.

Ni mimi nikupendaye,
Dada yako mkubwa