Naona Kila Kitu Nyuma

Jorien, shoga yangu, nimeumbuka!

Polisi kanisimamisha barabara ya kwenda Zeeland. Nikajua ni vile vioo virefu vya pembeni, vya kuonea nyuma ukivuta karavani, ile nyumba yetu ya magurudumu. Hajafungua mdomo, nikamshukia: hivi vina nembo ya viwango! Vya kwanza havikuwa nayo, nikavirudisha dukani, nikawasomea haki za mteja mpaka wakanibadilishia!

Nikaongeza: “Na naona kila kitu nyuma!”

KILA KITU, Jorien. Kwa mdomo wangu huu.

Akasema taratibu, “Vioo ni halali, mama. Ila kama huvuti kitu, unatakiwa uvitoe.”

“Sivuti kitu?”

Nikatazama kiooni. Barabara tupu. Karavani sikuifunga kwenye gari, iko nyumbani!

Sasa hivi mama mkwe kapiga simu. Yumo ndani ya hiyo karavani. Ananisifu: leo naendesha vizuri, hata chai haijamwagika.