Sili Iliyopikwa na Ndizi

Izigo, Jumamosi jioni.

Mvua imepumzika tangu asubuhi, na mikono yangu inanuka oili na ndizi kwa pamoja. Nimeinawa kwa sabuni, nimeinawa kwa limau, bado. Sijali. Leo nina furaha ambayo sijui niiweke wapi, ndiyo maana naiandika hapa.

Mama amerudi nyumbani.

Tangu avunjike nyonga alikuwa Bukoba mjini kwa mdogo wangu Asimwe. Alipoanza kutembea kwa fimbo akaomba kurudi kwake, kwenye kibanja chake na migomba yake, tukapanga aje leo. Wiki hii mvua ikaangusha ukingo mzima wa barabara ya kuingia kwetu: udongo, mawe, na kisiki cha mkalitusi juu yake. Gari halipiti, na kwa miguu Mama hawezi ule mlima.

Majirani walijitolea kumbeba kwa machela. Nikampigia simu kumweleza. Akasema, "Koku, baba yako tulimteremsha kwa machela, akarudi kwa machela. Mimi hiyo siipandi. Gari lisipofika mlangoni nitabaki huku huku." Namjua mama yangu. Akisema huku huku, hata mchungaji hamtoi.

Basi tegemeo letu likawa kijiko cha kaka Mugisha. Ni mashine ndogo ya kuchotea udongo, ina magurudumu manne mafupi na mikono miwili inayoinua baketi mbele. Aliinunua ikiwa imeshazeeka, na rangi yake ya kwanza hakuna anayeikumbuka. Huwa inabeba mchanga na maganda ya kahawa kule Nshamba. Sisi Wahaya tunasemwa kwa majivuno, na kaka yangu hapendi wanaosema hivyo waonekane waongo: alitangazia kijiji kizima kwamba udongo ule ni kazi ya asubuhi moja.

Alhamisi kijiko kilichota mara chache tu, mikono ikaanza kushuka yenyewe. Jeki ya kushoto, ile silinda ya haidroliki inayosukuma mkono juu, ilikuwa inatiririsha oili kama pua ya mtoto mwenye mafua. Mugisha akazima mashine, akakaa juu ya jiwe. Kaka yangu kukaa kimya, hapo ndipo nilipoogopa.

Mimi ni fundi cherehani. Sijui mashine isiyo na sindano. Lakini jana nimeshinda naye pale chini ya kijiko, kwa sababu ukikaa nyumbani unawaza unachoka zaidi kuliko ukishika spana. Tuliegemeza mikono kwenye magogo kwanza, maana kaka ana majivuno ila si mjinga. Akachomoa pini, akafungua mipira ya oili, tukaibeba jeki hadi uani. Kifuniko kilikuwa kimeng'ang'ania hata tukakipiga nyundo huku tunakibembeleza. Shafti, ile fimbo ya chuma ya ndani, ilipotoka tukaona kisa chote: mkwaruzo mdogo, wa jiwe bila shaka, na kila shafti ilipopanda na kushuka mkwaruzo ule ulikuwa unaikata sili, ule mpira wa mviringo unaozuia oili isitoke.

Mugisha alitaka kuing'oa sili ya zamani kwa bisibisi. Nikampiga kofi mkononi. Nilikwenda kuchukua sindano yangu ya kufumia vitambaa, ile yenye ndoano, nikaitoa bila kuchubua kitu. Akaniangalia kwa heshima ambayo sijaiona tangu tuzaliwe. Tukausugua mkwaruzo kwa msasa laini wenye oili mpaka kidole kikapita bila kukwama.

Sili mpya ilitoka Bukoba. Shemeji, mume wa Asimwe, alizunguka maduka ya vipuri hadi akaipata moja, moja tu ya saizi ile, akaituma kwa basi la asubuhi ya leo. Muuzaji alimwambia: ni ngumu, ichovyeni kwanza kwenye maji ya moto ilainike, ndipo muivalishe.

Hapo sasa.

Mimi nilikuwa nimeinjika sufuria kubwa ya ndizi na maharage ya kumpokea Mama, nimefunika kwa majani ya mgomba kama alivyonifundisha. Pembeni, kwenye makaa, niliweka birika la maji kwa ajili ya sili. Nikaenda kibanjani kukata majani mengine. Mugisha akaniita kutoka uani akiuliza maji ya moto yako wapi. Nikamjibu yako jikoni.

Birika hakuliona. Aliona mvuke unatoka kwenye sufuria, akainua jani, akatumbukiza.

Niliporudi nikamkuta amesimama na mwiko mkononi, uso umempauka. "Koku," akasema polepole, "sili iko humo ndani ya ebitooke." Nilitaka kumtukana. Nilimfikiria Mama ameshafunga mizigo yake, anangoja simu, na kitu pekee cha kumfikisha mlangoni kinachemka na maharage. Machozi yakanitoka, halafu kicheko, sikuweza kuvitenganisha. Tukaopoa ndizi moja moja na kuzipanga kwenye majani, tunaungua vidole, tunalaumiana. Tuliipata chini kabisa, imekumbatia ndizi.

Ilikuwa laini ajabu. Tukaiosha, tukaipaka oili, tukaivalisha mdomo wake ukitazama upande wa ndani oili iliko, na ikakaa kama pete ya ndoa. Mugisha akaniapisha nisimwambie mtu.

Tulipoirudisha jeki na kujaza oili, akapandisha mikono na kuishusha taratibu, mara nyingi, bila mzigo, hadi hewa iliyoingia kwenye oili ikaisha na mikono ikaacha kurukaruka. Nikatandika gunia jeupe la unga chini ya jeki. Akainua baketi juu, akaiacha hapo. Tulisimama mbali kidogo tunatazama gunia. Sijawahi kuomba Mungu huku nimekodolea macho gunia.

Gunia likabaki jeupe.

Mchana mzima kijiko kiliguguna ule udongo. Kilipofika kwenye kisiki nilifumba macho. Nilipoyafumbua kisiki kilikuwa hewani, mikono haikushuka, na majirani waliokuja na majembe kumalizia pembeni walikuwa wanapiga vigelegele. Nikampigia Asimwe nikasema neno moja tu: njooni.

Gari limefika mlangoni. Mlangoni kabisa. Mama alishuka kwa fimbo yake, akashika mhimili wa baraza, akabaki ameushika kwa muda mrefu. Hakulia. Mimi nililia kwa niaba yake.

Tulipokuwa tunakula akasifu ndizi, akasema zimeiva vizuri, akauliza nimeweka nini. Mimi nikainamia sahani. Asimwe akatutazama. Mugisha, aliyeniapisha mimi, ndiye aliyeshindwa; kicheko kilimtoka na maharage mdomoni, akasimulia yote, hata kofi la mkono. Mara tatu akarudia kwamba sili ilikuwa mpya, haijagusa oili.

Mama akaacha kutafuna. Akatazama nje, pale kijiko kilipoegeshwa chini ya mgomba kimejaa matope. Nikasema moyoni, leo tumekwisha.

"Kumbe tumekula chungu kimoja nacho," akasema. "Basi si mashine ya Mugisha tena, huyo ni wa nyumbani. Mwosheni, waitu, tafadhali, asilale na matope."

Nimetoka kukiosha sasa hivi. Mzee mzima Mugisha ameshika ndoo, mimi nimeshika brashi, na Mama ametusimamia kutoka kwenye kiti chake barazani, akituonyesha kwa fimbo tulipoparuka. Kesho ni Jumapili, na amesema kanisani anataka kuwahi kiti cha mbele. Mimi nitaamka mapema nimpashie ndizi zilizobaki. Maji ya kuoga nitayaweka kwenye birika, na birika nitalionyesha kila mtu.

Gunia bado ni jeupe. Nimelikagua tena kabla sijakaa kuandika.