Kwa Del, Ambaye Hatukumsemesha

Mwaka umetimia, Del, tangu Jumanne ile ya Agosti ulipotuacha pale sebuleni, televisheni ikitangaza hali ya hewa. Watu wanatuuliza tunaendeleaje, nasi tunajibu tunaendelea. Tunaamka, tunakula, tunafua. Machozi bado hayajatutoka vizuri. Binti yako Kaylene anasema anajisikia kama mkono uliolaliwa, na sisi wengine hatujapata namna bora ya kulisema.

Wasiokufahamu wakisoma tangazo hili gazetini, wajue ulikuwa mrushaji wa besiboli, wa mkono wa kushoto, na ulifanya kazi hiyo miaka kumi na saba katika timu kumi na nne. Karibu zote zilikuwa za ligi ndogo, zile za kusafiri kwa basi kwa saa kumi na moja mfululizo na kuvaa soksi ambazo hazijakauka. Ligi kuu uliionja siku ishirini na tatu. "Nilikwenda kuangalia kama choo chao kina karatasi laini," ulikuwa ukisema mtu akikuuliza. "Nikakuta kinazo, nikarudi."

Kila timu ilikuuza au ilikuacha, na kila mara ulinipigia simu mimi mkeo unacheka. "Rhonda, fungasha. Tumetakiwa kwingine." Hukusema hata siku moja kwamba umefukuzwa. Nilijifunza kufungasha nyumba nzima kwa saa mbili, mtoto anaumwa tumbo na mvua inanyesha.

Mpira wako haukuwa na kasi. Kaka yako Orrin alipenda kukutania kwamba ungeweza kuurusha, ukaenda kununua soda, ukarudi ukawahi kuuona unafika. Lakini mwishoni kabisa ulikuwa unapinda, na majitu yenye mabega kama ng'ombe wa maonyesho yalipiga hewa, kisha yakaligeuza gongo la kupigia na kulikagua kama limetoboka. Ulikuwa ukipenda sana kuyaona yakikagua gongo.

Tunaikumbuka ndoo ya mchele. Kila asubuhi ulizamisha mkono wa kushoto ndani ya mchele mkavu, ukikunja na kukunjua vidole ili kiganja kisilegee. Hukuacha hata ulipostaafu ukarudi hapa mjini kwetu Novotny kuendesha lori la nafaka na kuwafundisha wasichana wa sekondari kurusha. Mama yangu Bernadine, ambaye maishani mwake hajaangalia mechi hata moja hadi mwisho, hakukupa nafasi.

"Mchele wote huo, mkwe, unauogeshea mkono! Nipe nikapike."

"Mama, humo mna jasho la miaka kumi na saba."

"Basi sitatia chumvi."

Sisi wengine ni watu wa mpira, na watu wa mpira tunajua mwiko mmoja. Mrushaji akienda vizuri kupita kiasi, awamu moja baada ya nyingine, na hakuna mpinzani hata mmoja aliyeweza kumgonga, yaani kuupiga vizuri mpira wake, benchi lake zima linanyamaza. Hasemeshwi. Hakai mtu karibu naye. Jambo lenyewe halitajwi, kwa sababu ukilitaja umeliharibu. Mama yako Agnes alikufundisha hivyo ukiwa na miaka minane, na wewe ukawafundisha wasichana wako.

Kwa hiyo Februari daktari alipotuambia habari ya kongosho lako, na Machi dawa zikaonekana zinafanya kazi, hakuna aliyetoa amri. Tulinyamaza tu. Neno saratani halikutamkwa nyumbani. Orrin alikuja kila Jumapili, akakaa kiti cha mbali kabisa, akaongea na mbwa. Agnes alikuletea maandazi ya plamu, akayaweka mezani, akaondoka. Kila vipimo viliporudi vizuri ndivyo tulivyozidi kunyamaza. Tulidhani tunakulinda.

Alasiri moja ya Juni ulikuwa umekaa jikoni, mkono ndani ya mchele. Hukuwa unakunja vidole, ulikuwa umeuzamisha tu. Mimi namenya viazi.

"Rhonda," ukasema. "Sema kitu."

"Mvua itanyesha," nikasema.

Ukaangalia dirishani. "Ndiyo. Itanyesha."

Haikunyesha wiki ile yote.

Julai mama yangu alikuja kukaa nasi. Siku ya pili nilikuwa napita ukumbini na kapu la nguo nikamsikia huko sebuleni, kwa sauti yake ileile ya kuulizia kahawa.

"Mkwe, unakufa?"

"Nakufa, mama."

"Unaogopa?"

"Naogopa sana."

"Basi sogea huko nikae."

Nikasikia kochi likilia, kisha nikakusikia unaongea. Uliongea kwa muda mrefu. Maneno sikuyasikia, na sikutaka kuyasikia. Baadaye nilimvuta mama hadi chumba cha kufulia, nikamgombeza kama mtoto.

"Nyumba hii hatusemi hivyo! Alikuwa anaendelea vizuri!"

"Kwani nikimsemesha ndiyo nitamuua?"

"Kila mtu anajua, mama."

"Mimi sijui," akasema. "Mimi naona mtu anaogopa na hana wa kumwambia."

Kesho yake nilimpeleka kituo cha basi. Ukaniuliza yuko wapi, nikakuambia amepata dharura kwake. Ulikunja uso kidogo, ukasema alikuwa hajamaliza kukuhadithia habari za paka wake. Kwa hilo, Del, nakuomba radhi hapa, mbele ya kila anayesoma gazeti hili.

Ulikufa baada ya wiki tatu. Tulikuwepo sote, na aliyekuwa anaongea ni mtu wa hali ya hewa peke yake.

Eusebio Tavárez, aliyekuwa akiidaka mipira yako siku za timu ya Wichita, alisafiri kutoka Santo Domingo kuja kukuzika. Tulipotoka makaburini alikaa nasi na sahani yake ya viazi mapajani, akaanza kuisimulia mechi yako kubwa, ile ambayo kwa awamu nane hakuna aliyekugonga. Sisi tunaijua kwa moyo, tuliisikiliza redioni. Awamu ya tisa, ya mwisho, mpira mmoja uliguswa kwa bahati tu, ukabiringika ukafia kwenye majani, na rekodi ikaondoka. Siku ile tulilia kuliko tulivyolia kwenye mazishi yako.

"Shemeji, kuna kitu sijamwambia mtu," Eusebio akaniambia. "Awamu ya nane tumekaa kwenye benchi, wenzetu wote wamehamia kule mwisho. Akanigeukia. Akasema, 'Chebo, nisemeshe. Chochote. Hata nitukanie mama.'"

"Ukamwambia nini?" Orrin akauliza.

"Nikajifanya nafunga mikanda ya kinga za miguu." Alikuwa anaiangalia sahani. "Ule mpira ulipogongwa nikamkimbilia, nilijua nitamkuta amevunjika. Namkuta anacheka! Akanishika kichwa hivi, kwa mikono miwili. 'Wee Chebo! Ulikuwa wapi mtu wangu?'"

Agnes akaweka uma wake chini. Hakuna aliyemaliza chakula kile.

Tangu siku hiyo tunalijua, na tumelibeba mwaka mzima bila kulitaja, maana hata hilo tulilinyamazia. Hatukukulinda, Del. Tulikuacha kwenye benchi peke yako miezi sita, na ulituomba.

Kaylene ndiye aliyeanza kurekebisha mambo. Sasa anawafundisha wasichana wako. Mwezi wa Mei mmoja wao alifika awamu ya mwisho hajagongwa hata mara moja, na benchi zima likainuka, likamwachia nafasi kama lilivyofundishwa. Kaylene akaenda akakaa naye bega kwa bega, akamuuliza asubuhi alikula nini. Wazazi walipiga kelele kule juu majukwaani, na Orrin pamoja nao. Msichana akasema alikula mayai, mawili, na moja lilikuwa bichi katikati. Wakaongea habari za mayai mpaka akaitwa uwanjani. Mpira wa pili tu akagongwa.

Hakuna aliyekufa. Alirudi kwenye benchi akakaa palepale, karibu na Kaylene.

Jioni Kaylene aliponisimulia hayo nilikuwa nimesimama mahali nilipokuwa nimesimama Juni ile, na ndoo ipo palepale miguuni. Nikamwambia nitaandika tangazo hili mwenyewe. Uliniambia niseme kitu. Nimechelewa mwaka na miezi miwili, lakini nasema. Ulikuwa unakufa, na nilijua. Nilikuwa naogopa kama wewe. Sogea huko nikae.

Wanaokukumbuka ni mimi mkeo Rhonda. Binti yako Kaylene. Mama yako Agnes, anayesema Eusebio angemtukana tu, asingejali. Kaka yako Orrin, ambaye siku hizi anakaa kwenye kochi lako na bado anaongea na mbwa. Rafiki yako Eusebio. Na mama mkwe wako Bernadine, peke yake miongoni mwetu asiye na la kuombea radhi. Anasema yule paka alizaa watoto watano.

Siku zote tutakutaja, Del, na kwa sauti.